Kutembea bandari za Mombasa kwa siku moja: uliza maji kwanza

Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili, na wageni wengi hurudi kwao wameona moja, tena nusunusu. Upande wa mashariki, kwenye mlango wa mkono wa bahari wa Tudor, iko Bandari ya Kale: majahazi, Ngome ya Fort Jesus, na Mji wa Kale uliobanana nyuma yake. Upande wa kusini na magharibi iko Kilindini, yenye kina cha kupitisha meli za makontena, na ndiyo inayolisha Kenya, Uganda na majirani wa bara. Kutoka moja hadi nyingine ni safari fupi ya tuktuk, foleni ikikuonea huruma.

Miongozo mingi hukupa orodha ya mahali pa kwenda, kisha ikakuacha jua likuchome. Mimi nasema anza na maji. Ukishajua leo bahari inajaa saa ngapi, ndipo utajua lini upande chombo, lini uzunguke vichochoroni na lini ukae chini ya mbuyu na muhogo wako. Usipojua, utafika ngazini na pesa mkononi ukute mashua zimelalia ubavu kwenye tope.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya ramani

Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Hiyo ni nyumba ya ghorofa ya chini nzima, kwa hiyo usidhani ni jambo dogo.

Huhitaji vitabu vya mabaharia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yaani mwanzo na katikati ya mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hukauka karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hapo mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na tofauti yake si kubwa. Programu za simu zitakupa dakika kamili, lakini mvuvi yeyote pale sokoni atakuambia bila kutoa simu mfukoni.

Mwongozo huu nimeupanga kwa siku ya bamvua, kwa sababu ndiyo inayokupa maji tele alasiri, jua likiwa limepoa. Ukija siku za maji mafu, panda chombo asubuhi kwanza, kisha Ngome na Mji wa Kale zifuate.

Kuhusu msimu: kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari ni nzuri na joto halina mzaha. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huingia karibu na Aprili pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua hasa. Julai na Agosti kuna ubaridi wa kupendeza. Nje ya mwamba bahari huchafuka, lakini ndani ya mkono wa Tudor mashua huenda vizuri tu. Ukija Ramadhani, geuza siku yako juu chini. Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na heshima inataka usile wala kunywa barabarani. Baada ya magharibi mji unafufuka, na vyakula utakavyoviona wakati huo huvipati miezi mingine.

Hatua ya 2: Ngome, mapema iwezekanavyo

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fika saa hiyohiyo. Kufikia saa nne mabasi ya wanafunzi yamejaa, na ule uwanja wa kati hauna kivuli cha kutosha watu ishirini. Malipo hufanywa kwa simu, hivyo hakikisha una salio na chaji kabla ya kufika langoni. Bei hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni wa nje, basi beba kitambulisho.

Nje ya lango utakutana na vijana wa kuongoza watalii. Wengine ni hazina, wengine wanabahatisha. Uliza kitambulisho cha kazi, patana bei kabla ya kupiga hatua, na useme wazi kama bei hiyo ni ya Ngome peke yake au na Mji wa Kale. Salamu njema hufungua mambo: "Sabalkheri" kwa mzee kabla ya kuuliza bei ina kazi kubwa kuliko kubishana robo saa.

Sasa yenyewe. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip II wa Uhispania, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno. Ramani yake ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Walikuwa na sababu ya kutaka kuta nene. Vasco da Gama alipofika hapa Aprili 1498 hakupokewa vyema, akaendelea hadi Malindi, na uhasama kati ya Mombasa na Wareno ukadumu miaka mia na zaidi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza, aliwageuka, akaitwaa Ngome na kumuua kamanda wao. Wareno walirudi mwaka uliofuata, lakini hawakutulia tena.

Usikimbilie vyumba vya maonyesho. Panda kwanza ukutani upande wa bahari, simama kwenye tundu la mzinga na utazame chini. Ngome imekaa juu ya jabali la matumbawe, na ukuta umefuata jabali kiasi kwamba huwezi kusema mwamba wa Mungu umeishia wapi na kazi ya fundi imeanzia wapi. Maji yakiwa yamekupwa asubuhi ya bamvua, mguu wote wa jabali uko wazi: utaona mwani, watu wakichokora vitu miambani, na ukuta mpya wa kuzuia mawimbi uliojengwa ili bahari isile msingi. Maji yakijaa huoni hata kimoja. Ndiyo maana nasema Ngome ni ya asubuhi.

Kutoka hapohapo utaelewa vita vya 1696. Waomani waliizingira Ngome mwezi Machi mwaka huo, na haikuanguka hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilitumwa kutoka Goa kuja kuokoa, ikazama papo hapo chini ya Ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimo ndani ya makumbusho. Ukishatazama maji ilipozamia, vile vyombo kwenye makabati ya kioo havitakupita kama vyungu tu.

Ndani usikose nyumba ya Waomani, michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, na mifupa ya nyangumi ambayo watoto huipenda kuliko mizinga yote. Waingereza waliigeuza Ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Saa moja na nusu inatosha. Ukiwa mpenzi wa historia, weka mbili.

Hatua ya 3: Shuka hadi Bandari ya Kale kwa miguu

Ukitoka langoni, kuna njia mbili za maana. Ndia Kuu ndiyo yenye maduka ya vinyago na milango ya nakshi inayopigwa picha zaidi. Barabara ya Mbarak Ali Hinawy inakwenda karibu na bahari, na hiyo ndiyo ninayokushauri uanze nayo, kisha urudi kwa Ndia Kuu.

Nenda polepole na utazame juu. Roshani za mbao zimetokeza juu ya barabara, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zimeshikiliwa na dua. Utapita Msikiti wa Mandhry, ambao unasemekana ni wa karibu 1570, na mnara wake mweupe ulionona chini na kuchongoka juu. Watu wanaswali humo mara tano kila siku, kwa hiyo si mahali pa kuchungulia na kamera. Ijumaa kuanzia saa sita vichochoro hujaa waumini. Siku hiyo jitahidi uwe umemaliza sehemu hii mapema.

Mavazi ni jambo rahisi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke sawa. Kinamama waweza kubeba leso ya kujitupia begani. Na picha ya mtu, omba. Akina mama wa buibui hawapendi kupigwa picha kwa kuibiwa, na wazee wa barazani wakikataa, wamekataa.

Njia inatokea kwenye kiwanja kilicho mbele ya bandari. Hapa ndipo forodha ya zamani ilipokuwa, na soko la samaki liko jirani. Asubuhi utakuta changu, tafi, nguru na kolekole juu ya meza za saruji, papa wamekatwa vipande, na mnada wa haraka unaoendeshwa kwa sauti ambazo mgeni hazifuati. Viatu vya wazi utajuta.

Bandari ya Kale bado inafanya kazi, na hili ndilo linaloipa utamu. Majahazi ya mbao yenye mashine huja na kwenda kati ya hapa na Lamu, Pemba, Unguja na pwani ya Somalia. Siku za zamani yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakarudi na kusi; siku hizi injini ndiyo kaskazi. Ukifika wakati wa kupakua, simama pembeni utazame. Ubao mwembamba umelazwa kutoka chomboni hadi gatini. Hamali anashuka nao akiwa na gunia kichwani, na magoti yake hayanyooki hata kidogo; kila hatua anaisubiri mbao ipande ndipo akanyage. Mwenzake anasubiri chini, hapandi hadi ubao utulie. Hakuna anayesema neno. Lakini eneo lenyewe la gati ni la forodha na polisi, kwa hiyo omba ruhusa langoni, na kamera iache mfukoni mpaka uambiwe.

Karibu na hapo iko Leven House, nyumba iliyosimama juu ya maji, yenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi ufukweni. Jina ni la meli ya kivita ya Kiingereza, HMS Leven, ya Kapteni Owen aliyeitangaza Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1824 bila serikali yake kumtuma. Mpango huo ulikufa miaka miwili baadaye. Luteni Reitz, aliyeachwa kusimamia, alifariki mwaka huohuo wa 1824, na jina lake ndilo lililobaki Port Reitz, kule upande wa uwanja wa ndege.

Kabla ya kuondoka Mji wa Kale, kunywa kahawa. Muuzaji utamjua kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Dele la shaba lina makaa chini yake, na kahawa ni chungu, ina tangawizi. Hunywewa na kashata au halua, umesimama au umekaa barazani na usiowajua. Usiombe maziwa.

Hatua ya 4: Mchana, jifiche jua

Saa sita hadi saa tisa si saa za kutembea bandarini. Kula: biriani au pilau ukitaka kushiba, au viazi karai na bhajia kwa ukwaju ukitaka kubaki mwepesi. Kisha pita Marikiti, soko lililojengwa 1914, ununue viungo. Upande wa nyuma bei hushuka kidogo. Mtaa wa Biashara uko hatua chache kutoka hapo. Leso huuzwa doti, yaani mbili pamoja, na jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisome kabla ya kulipa, hasa kama unampelekea mama mkwe.

Hatua ya 5: Chombo, maji yakiwa yamejaa

Siku ya bamvua, saa tisa hadi saa kumi na moja ndio wakati wako. Vyombo ni vya aina nyingi: boti la mashine la saa moja, mashua ya tanga, na majahazi makubwa yanayoandaa chakula cha jioni upande wa Nyali, ambayo huagizwa mapema na bei zake ni za watalii. Kwa maoni yangu mashua ndogo inashinda. Mzunguko mzuri ni huu: ondoka Mji wa Kale, pita chini ya Ngome uione kama adui alivyoiona, kisha ingia ndani ya Tudor, upite chini ya daraja la Nyali hadi mikoko ianze. Nyumba za Mji wa Kale ukiziona kutoka majini ndipo utaelewa kwa nini nyingi zimeipa bahari uso na barabara mgongo.

Kupatana na nahodha kuna adabu yake. Uliza bei ni ya chombo au ya mtu. Uliza ni saa ngapi majini, si saa ngapi kwa jumla. Lipa nusu mwanzo, nusu ukirudi. Na kabla ya yote, omba uone majaketi ya kuokolea, uyaone kwa macho, yawe yanatosha idadi yenu pamoja na watoto. Akijibu "hapa hakuna shida, bahari shwari," mshukuru na uende kwa mwingine.

Kama lengo lako ni samaki wa rangi na matumbawe, bandarini si mahali pake. Hayo yako kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, nje ya Nyali na Bamburi, kwa boti za kioo, na huko unataka maji yakiwa yamekupwa. Weka siku nyingine.

Hatua ya 6: Feri na Mama Ngina

Feri ya Likoni ndiyo safari ya bahari ya bei nafuu kuliko zote nchini: anayekwenda kwa miguu halipi. Inavuka mlango wa Kilindini kwa dakika chache, na mara nyingine inasubiri meli kubwa ipite kwanza. Asubuhi watu humiminika kuja kisiwani, jioni humiminika kurudi Likoni, kwa hiyo mgeni avuke kabla ya saa kumi na moja au asubiri hadi msongamano upungue. Watangulize wazee na watoto, usikimbie kwenye ngazi za chuma zilizolowa, na usisimame kati ya magari. Tahadhari hizi zina sababu: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, mbele kidogo ya hapa, ilizama na kuua zaidi ya watu 270, na Mombasa haijasahau. Picha za feri na za bandari haziruhusiwi. Simu uishike vizuri, na mfuko uwe mbele.

Ukirudi upande wa kisiwa, Mama Ngina iko karibu kabisa, ukifuata bahari kuelekea mashariki. Ilijengwa upya ikafunguliwa 2019, wakati Mashujaa Dei iliposherehekewa hapa, lakini mibuyu ni ileile ya zamani. Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuona Kilindini bila kuingia Kilindini, maana bandari yenyewe imefungwa kwa wasio na kazi nayo. Meli zote zinazoingia na kutoka lazima zipite mlango huu mwembamba, karibu kiasi kwamba unasoma jina lake na kuhesabu makontena.

Jinsi ya kujua meli inakuja: tazama boti la rubani na tagi, yaani boti za kuvuta meli, zikitoka nje. Zikitoka, kaa ulipo. Meli haiingii bila rubani wa bandari, na tagi huisindikiza hadi gatini. Ukitaka kujua imetoka wapi, programu kama MarineTraffic itakuonyesha, na mchezo huu huwashika watoto kuliko bembea.

Agiza muhogo. Upo wa kuchoma, na upo wa kukaanga mwembamba unaoliwa mkavu kwenye mfuko wa karatasi. Wa kuchoma, muuzaji anaupasua katikati kwa kisu, anapitisha ndimu iliyochovywa pilipili na chumvi kwenye mpasuko, mara mbili, na anakuuliza kwa jicho kama aongeze. Sema aongeze. Dafu lifuate, na ukimaliza maji mwambie akupasulie ule nyama. Jua huzama baada ya saa kumi na mbili, mwaka mzima haipishani sana.

Kuogelea hapa usithubutu. Mkondo ni mkali na chini ni mawe. Anayetaka kuoga aende ufuo wa Shelly kwa feri wakati maji yamejaa, au pwani ya umma ya Bamburi.

Mambo ya mwisho ya kujua

Wazee na wenye shida ya kutembea: Ngome ina ngazi na mawe yasiyo sawa, lakini uwanja wa chini unapitika. Mji wa Kale mwaweza kuuzunguka kwa tuktuk, dereva akikubali kusubiri. Mama Ngina ni tambarare kabisa.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo beba kikapu. Maji ya kunywa nunua kabla ya kuingia Ngomeni.

Ukilala Nyali au Bamburi, ondoka Mama Ngina kabla ya saa moja na nusu usiku kama unategemea matatu. Baada ya hapo chukua tuktuk hadi mjini kati na upate gari huko. Bei ya tuktuk patana kabla ya kupanda, na kama mko wanne, uliza kama anahesabu watu au safari. Ukija kwa treni ya Madaraka Express, kumbuka kituo kiko Miritini, bara, si kisiwani; anayerudi Nairobi jioni hiyohiyo aache feri, amalize Mji wa Kale saa sita na awe njiani mapema, maana foleni ya Changamwe na malori ya bandari haina ratiba.